Mkojo wa Mtaa Mzima

Mjomba anazibua vyoo. Gari la kunyonya hana. Ana fito, waya mrefu na ndoo, na vikishindwa anavua shati anaingia kwenye chemba ya maji taka mwenyewe. Humo chini hukuta matambara, nywele, nepi, mafuta yaliyoganda kama mshumaa. Waliovitupa ndio wa kwanza kuziba pua akivipandisha. Mtaani wanamwita Najisi. "Najisi, wahi bwana, kwangu kumefurika!" Naye hucheka, akaenda.

Nguo zake nafua mimi, kwa hiyo harufu yake naijua. Inakaa kooni, unaimeza pamoja na chai. Lakini hiyo nilishaizoea. Kinyaa chenyewe kilianza kwa mjomba mwenyewe, siku mwalimu wa msikitini alipohubiri adhabu ya kaburi. Alisema wengi wataadhibiwa kwa ajili ya mkojo: hawakujikinga nao, ukawarukia, wakaenda kuswali hivyo hivyo. Kaburi litawabana mpaka mbavu zipishane. Mwalimu alikuwa anamsema mtu na mkojo wake mwenyewe, anapojisaidia. Mjomba, anayeshinda kwenye mikojo ya mtaa mzima, akaibeba yote ikawa yake.

Tangu hapo ikawa haogi, anajikwangua. Sabuni, mchanga, halafu klorini ya kusafishia sakafu. Ngozi ya mikono ikachubuka, ikatoa majimaji, ikaanza kunuka yenyewe. Anatawadha, anaingiwa na wasiwasi, anarudia. Akimaliza, wenzake wameshaswali wanakunja mikeka. Kisha ananiita mimi, mpwa wake.

"Ninuse, mama."

"Hunuki, mjomba."

"Nusa vizuri. Hapa, nyuma ya sikio."

Nanusa. Klorini na kidonda.

Mkewe akachoka. "Mwenzangu, acha hiyo kazi. Kauze hata mkaa."

"Mkaa si unachafua vilevile?"

"Mkaa hauulizwi kaburini!"

"Nikiacha mimi, mtaa utakunya wapi?" Halafu akaacha utani. "Malaika wakija kuniuliza Mola wako nani, dini yako ipi, majibu ninayo. Ila wakisema, hebu toa mikono tuione? Au labda hakuna anayekuja. Tunaoza tu, basi. Mimi vinavyooza naviona kila siku. Havihojiwi na mtu."

"Astaghfirullah! Usiniletee hayo ndani ya nyumba!"

Ijumaa moja choo cha msikiti kikaziba. Mwenyekiti wa msikiti akaja mwenyewe mlangoni: "Bwana Mzibuaji, tuokoe, watu wanakuja kuswali." Siku hiyo hakuwa Najisi. Mjomba alifurahi kama kaalikwa harusini. Akaniambia nimfuate na kanzu safi kwenye mfuko, ataswali huko huko.

Chemba zilikuwa mbili. Ya kwanza alizama mpaka kiunoni. Akapandisha ndoo juu ya ndoo: tope jeusi la uvundo, vipande vya miswaki, soksi ya mtoto, kitu kilichovimba ambacho sikutaka kukijua. Waumini wakipita walinyanyua pindo za kanzu na kutema mate pembeni. Mmoja akasema, "Subhanallah! Mtu anawezaje?"

"Naweza kwa sababu wewe umeweza, shekhe," mjomba akamjibu kutoka shimoni.

Muda wa swala ulipokaribia alisema chemba ya pili ataimaliza baadaye, akaenda kwenye mabomba ya udhu. Mwenyekiti akamwahi.

"Ah-ah! Hapo wanatawadha watu! Kaoge kwako, na ukirudi kaa safu ya mwisho."

Mjomba alichota maji kwenye ndoo, akaogea nyuma ya ukuta, akavaa kanzu. Mwalimu alikuwa anaingia. Mjomba akamsimamisha mlangoni.

"Mwalimu, nina swali. Mkojo ulionirukia leo ni wenu. Nitaadhibiwa nao mimi, au nyinyi?"

Ilikuwa rahisi tu kumwambia kwamba mtu akishaoga ameshaoga. Mwalimu alikunja pua. "Mungu ndiye ajuaye. Chukua tahadhari," akasema, akavuta joho lake lisimguse.

Pale ndipo kinyaa kiliponishika, ingawa shimo lilikuwa nyuma yangu.

Nilichungulia dirishani. Mjomba alisimama katikati ya safu. Wa kulia akasogea, wa kushoto naye akasogea, na safu inayotakiwa kukazwa bega kwa bega ikabaki na pengo kama la jino lililong'oka. Mjomba akasujudu humo, peke yake. Mbele yake mtu mmoja alikuwa ameziba pua kwa kilemba, huku anaswali.

Mjomba alipotoka nilimuuliza ameomba nini.

"Nimemwambia aninuse Yeye mwenyewe. Kama nanuka, anijulishe."

"Ikawaje?"

"Kimya. Nimesikia tu watu wanakohoa."

Mwenyekiti akaja mbio. "Bwana, ile chemba ya pili! Maji yanarudi!"

"Iko wazi, shekhe," mjomba akasema. "Ingia."

Akachukua fito zake. Tulipofika barabarani niligeuka. Maji yalikuwa yamefika mlangoni, yanapanda taratibu kwenye viatu vya waumini, na wenyewe wako ndani bado wanapeana mikono.

Njiani nikamuuliza alasiri tutaswalia wapi.

"Swali wewe, mama," akasema, akahamisha fito bega la pili.