Mwaka Niliponyamaza Darasani

Shule ya kijijini kwetu Kimwani iliishia darasa la pili. Ilikuwa chumba kimoja cha udongo kilichoezekwa nyasi, na mwalimu wake alikuwa katekista aliyetufundisha kila kitu kwa Kihaya: sala, silabi, kujumlisha na kutoa. Nilikuwa hodari pale. Baba yangu, mkulima wa migomba na kahawa ambaye hakujua kusoma, alipita siku moja nje ya dirisha akanisikia nikisoma, na jioni akamwambia mama kwamba mtoto huyu ni lazima aendelee. Mwaka ulipoisha nilipandishwa lori la mizigo pamoja na mkungu wa ndizi, nikapelekwa Ijuganyondo, pembeni mwa mji wa Bukoba, kukaa kwa dada yake baba.

Kwa Kihaya shangazi tunamwita ishenkazi, na ndivyo nilivyomwita hadi alipofariki. Alikuwa mjane. Watoto wake walikuwa wameshaondoka na kuanza maisha yao, naye akabaki na kibanja chake cha migomba, akikipalilia mwenyewe na kuuza ndizi mjini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Usiku wa kwanza alinionyesha mkeka wangu, akanionyesha ndoo ya kuchotea maji, akaniambia, "Hapa umekuja kusoma. Mengine tutayaona."

Shule ilikuwa ya misheni, ya wasichana, na darasa la tatu lilifundishwa kwa Kiswahili. Wenzangu wengi walikulia mjini au jirani na mji. Kiswahili walikisikia sokoni na madukani tangu wakiwa wadogo. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke kijana aliyetoka upande wa Tabora, na Kihaya hakukijua kabisa. Ilikuwa zama za Mwingereza, walimu walihamishwa huku na huko, na hakuna aliyeona ajabu.

Siku ya kwanza mwalimu alisema jambo, watoto wote wakainama na kutoa vibao vyao vya kuandikia. Nami nikainama nikatoa changu. Akasema jambo jingine, wakasimama. Nikasimama. Kwa wiki kadhaa niliishi hivyo, kwa macho, nikimwangalia aliyekaa mbele yangu na kufanya alilofanya yeye, nikichelewa kidogo tu.

Lililowachanganya watu wote ni kwamba niliweza kusoma. Silabi za Kiswahili hazikunipa taabu, kwa sababu herufi nilizijua. Nilipoitwa mara ya kwanza nilisimama na kusoma ukurasa mzima bila kukwama, kwa sauti ileile ya Kimwani, na mwalimu akatabasamu. Kisha akauliza kitu. Nikamwangalia. Akauliza tena, polepole. Nikaangalia chini. Alikuwa ananiuliza nimesoma nini, na mimi nilikuwa nimetamka maneno yote bila kujua hata moja lilikuwa linasema nini. Wasichana wa nyuma wakacheka. Tangu siku hiyo nikawa sifungui mdomo, hata kwenye hesabu ambazo majibu yake niliyajua.

Nyumbani ishenkazi hakushuku lolote. Jioni alinisikia nikisoma kwa sauti kando ya moto, maneno yakitiririka, akaridhika. Mzazi gani asingeridhika? Nami sikumwambia. Niliogopa angenirudisha kwetu, na baba alikuwa ameshawatangazia majirani.

Habari zilimfikia kwa msichana wa darasa la nne aliyekaa jirani. Alitumwa na mwalimu aje aseme kwamba ni afadhali nirudishwe darasa la pili, kwa kuwa la tatu siliwezi. Ishenkazi alikuwa anamenya ndizi. Alimshukuru yule msichana, akamngoja aondoke, kisha akaniambia, "Lete kitabu. Nisomee."

Nikasoma.

"Sasa kinasema nini?"

Nikaanza kuusoma upya ukurasa uleule.

"Nakuuliza, kinasema nini?"

"Sijui."

Aliweka kisu chini. "Tangu lini hujui?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nilitarajia kofi. Aliokota kisu akaendelea kumenya, na alipomaliza ndizi ya mwisho akasema, "Kesho nakwenda kumwona mwalimu wako."

Tatizo ni kwamba yeye pia Kiswahili chake kilikuwa cha kutaja bei tu. Basi asubuhi tulipita kwanza mtaa wa Hamugembe, kwa mwanamke mmoja, mnunuzi wa ndizi zake wa siku nyingi. Alikuwa mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, akazaliwa hapo hapo Bukoba, na lugha zote mbili zilikuwa zake. Nilimwita Bibi. Ishenkazi alimweleza shida yetu akiwa amesimama mlangoni. Bibi akaingia ndani, akavaa baibui lake, akatoka akasema, "Twendeni."

Nakumbuka jinsi walivyotazamwa walipoingia uwanja wa misheni, mmoja na rozari shingoni, mwingine na baibui jeusi. Hawakujali. Mwalimu alitoka barazani, wakasalimiana, na mazungumzo yakaanza, Bibi akiyapeleka na kuyarudisha.

"Mtoto huyu hawezi," mwalimu alisema. "Namhurumia, lakini hawezi. Hajibu neno."

Ishenkazi akasema kwa Kihaya, "Mwulize hesabu anazipataje."

"Za kuandika anazipata. Karibu zote."

"Basi akili anayo. Alichokosa ni maneno. Mwambie maneno yanatafutwa. Asimrudishe nyuma kwa sababu ya kitu kinachotafutwa."

Mwalimu alinigeukia. Nadhani hakuwa amewahi kufikiria kwamba yupo mtoto anayesoma vizuri hivyo bila kuelewa. Mwishowe akasema, "Nitamngoja mpaka likizo ya katikati ya mwaka. Lakini nyumbani msimwulize kama amesoma. Mwulizeni amesoma nini. Kila siku."

Maneno hayo ishenkazi aliyashika kama amri ya kanisa.

Jumamosi zote nikawa nashinda Hamugembe. Bibi hakunifundisha kwa kitabu. Alinipa kazi za jikoni na kunikataza Kihaya. "Lete kinu. Osha mchele. Punguza moto, chungu kinachemka. Hayo maganda wape mbuzi." Nikikosea aliniletea kitu chenyewe mbele ya macho, akakitaja, nikakitaja. Nilipokosa neno nilikaa na kiu, kwa sababu maji hakunipa mpaka niyaombe vizuri. Mara ya kwanza nilipotunga sentensi nzima bila kufikiri, ilikuwa ya kumsema paka aliyeiba samaki, naye Bibi akacheka akanikatia kipande cha mkate wa kumimina.

Na jioni, Ijuganyondo, ishenkazi alinisubiri. Nilisoma ukurasa kwa Kiswahili, kisha nikamweleza kwa Kihaya unasema nini. Kitabu chetu kilihusu mambo ya afya na kilimo, na yeye alibishana nacho. Kiliposema pamba hupandwa kwa mistari, alisema, "Hapa kwetu pamba itaota wapi? Kitabu hicho kimekosea." Ikanibidi nirudi nisome tena nione kama kitabu kilisema kila mahali au baadhi ya mahali. "Kinasema nchi zenye jua kali," nilimjibu. "Haya," akasema, "hapo sawa." Kiliposema nzi huleta maradhi kwa miguu yake, alinitaka nisome mara tatu, kisha akafunika chungu. Sikujua wakati ule kwamba ndiyo elimu yenyewe. Nilijua tu kwamba siwezi kumdanganya, ingawa hakujua herufi hata moja.

Mvua kubwa zilipokuwa zinaelekea kwisha, baba akaja. Mtu fulani alikuwa amempelekea habari Kimwani kwamba bintiye amekuwa bubu shuleni na kwamba kila Jumamosi anashinda kwa Waislamu. Aliingia akichechemea, mguu wake umefungwa kitambaa, akakaa bila kunywa alichopewa.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," akasema. "Ameshajua sala na kusoma. Inatosha."

"Haendi," ishenkazi akasema.

"Mimi ndiye baba yake."

"Na mimi ndiye uliyenikabidhi. Wewe ni kaka yangu mkubwa, nakuheshimu, lakini mwaka huu haukatizwi katikati. Watu wamekwambia anashinda kwa Waislamu. Wamekwambia anafanya nini huko? Anatafuta lugha. Sala zake anasali hapa kila jioni, mwulize. Na huo mguu umefanya nini?"

Alikuwa amejikata na jembe, na kidonda kilikuwa kimeoza. Asubuhi ishenkazi alituamuru twende hospitali mjini, mimi na baba, kabla ya neno jingine lolote. Yeye alibaki kibanjani. Nadhani alifanya kusudi.

Dresa wa vidonda aliyetupokea hakuwa Mhaya. Aliuliza kidonda kimeanza lini. Baba alinigeukia. Wagonjwa wengine kwenye benchi walitutazama, kama wasichana siku ile darasani. Kisha nikamwuliza baba kwa Kihaya, nikapeleka jibu kwa Kiswahili: wiki mbili, jembe.

"Ameweka dawa gani?"

Baba aliutazama mguu wake. Hakutaka kusema. Nikamwambia, "Taata, nisiposema ukweli atakupa dawa isiyofaa." Akasema. Nami nikasema, "Ameweka majivu. Majivu ya maganda ya ndizi."

"Anasikia homa?"

Neno hilo sikulijua. Dresa akagusa paji la uso wake, nikaelewa, nikamwuliza baba. Jibu lake nililipeleka kwa maneno niliyokuwa nayo: "Usiku mwili wake unachemka kama chungu. Asubuhi moto unapungua."

Dresa alicheka kwa wema. "Umeeleza vizuri sana," akasema. Akasafisha kidonda, akampiga sindano, akanieleza jinsi ya kukiosha na lini turudi, nami nikayarudia yote kwa baba, moja moja, hadi akayasema mwenyewe.

Njiani kurudi baba alitembea akiegemea bega langu. Tulipofika kwenye migomba ya kwanza ya Ijuganyondo akauliza, "Huyo mama wa Hamugembe, anapenda ndizi gani?" Wiki iliyofuata alirudi Kimwani peke yake, kidonda kikiwa kinakauka, na lori lililofuata lilileta mikungu miwili. Mmoja ulikuwa wa Bibi.

Kabla ya likizo mwalimu aliniita nisome. Nikasoma. Akauliza, "Umesoma nini?" Nikamweleza. Sarufi yangu ilikuwa mbovu, ngeli zilipigana, na wasichana wa nyuma walicheka tena, lakini nilimaliza nilichoanza kusema kabla ya kukaa. Mwisho wa mwaka nilipanda darasa la nne. Sikuwa wa kwanza wala wa pili. Nilikuwa katikati, na ishenkazi alipoambiwa alisema katikati kunamtosha, mradi ni kwenda mbele.

Mimi nami nilikuja kuwa mwalimu, na darasa nililolishika miaka mingi zaidi ni la tatu. Wazazi walikuja kwangu wakisema, "Mwanangu alikuwa hodari sana darasa la kwanza na la pili, sasa mbona ameshuka, amekuwa mvivu?" Niliwaambia wakae. Niliwaambia kwamba hapa ndipo mtoto anapoacha kujifunza kusoma na kuanza kusoma ili ajifunze, na daraja hilo wengine wanalivuka wakiwa wamefumba macho kwa hofu. Wasimpige. Wasidanganywe na sauti nzuri ya kusoma. Wamsikilize akieleza, na wabishane naye kidogo.

Baadhi walisema hawajui kusoma, watabishanaje. Hao ndio niliowashikilia zaidi. Niliwaambia kazi hiyo haihitaji herufi, inahitaji kuketi. Mmoja, mama mkulima wa kahawa kutoka Muleba, alinitazama kwa mashaka, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akasema, "Basi nitaketi." Na aliketi.