Amplifaya ya Kaka

Juzi mwanangu wa mwisho alikaa kitako sebuleni kwangu akinionyesha picha za spika za gari kwenye simu yake. Ana kigari cha mkono wa tatu na mfuko mwembamba, lakini anataka besi nzito na amplifaya ya kuisukuma. "Mama, hii rahisi kweli, kuna jamaa anaiuza," akaniambia. "Risiti hana, ndiyo maana bei yake nzuri." Niliipokonya ile simu kwa nguvu hata akashtuka, maana hajapata kuniona hivyo. Kisha nikamrudishia, nikamwambia aende dukani, anunue kidogo anachokiweza, apewe na karatasi yake. Sababu sikumwambia. Wewe nitakwambia, kwa kuwa wewe ni mtu wa zamani kama mimi, na Kisauni yetu ile ya Mombasa unaikumbuka.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, mimi na kaka yangu, katika nyumba ya udongo na makuti. Nikifumba macho sasa hivi naisikia ile alfajiri: bibi anapiga unga kwenye sinia, mafuta yanachemka kwenye karai, iliki inapanda mpaka kwenye chandarua. Jua likichomoza baraza yetu ilikuwa imejaa watu. Vibarua wa bandarini, makonda, fundi viatu, jirani yetu mchoma makaa, watu wa bara waliopanga vyumba nyuma yetu, wote walikula mahamri na mbaazi za bibi kabla ya kwenda kutafuta riziki. Bibi alimjua kila mmoja: huyu hapendi pilipili, yule hutaka mchuzi mwingi, yule mwingine mkewe amejifungua, basi mwongeze moja. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi kabla ya kwenda shule. Kifuu kikiingia kwenye tui nilipigwa konzi.

Tulipigwa sana siku zile, na tulidhani ndivyo dunia ilivyo. Mwalimu alitupiga vidole kwa ukingo wa rula. Bibi alitupiga kwa mwiko. Na wezi walipigwa na kila mtu. Ukisikia "Mwizi!" unatupa ulichoshika, unakimbia kuangalia, kama vile watu wanavyokimbilia ngoma. Nilipokuwa na miaka kumi walimbana mtu mmoja karibu na bomba la maji, wakasema ameiba nguo kwenye kamba. Mimi nami nikaokota jiwe. Lilimpata begani. Aligeuka akanitazama mimi, mtoto wa kike mwenye sare ya shule, na macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo. Alikufa kabla ya alasiri, wakamfunika kwa boksi la karatasi.

Nilirudi nyumbani nikijisifu. Bibi alinipiga kofi nikaona nyota.

"Wamjua mamake?"

"La, bibi."

"Wajua jina lake?"

"La, bibi."

"Basi wampigia nini?"

Nililala bila kula siku hiyo.

Sasa, kaka. Kaka alikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu, mpole, kicheko chake cha puani. Mjomba alipokwenda Uarabuni alimwachia gari lake, dogo, jeupe, la zamani, na kaka akaligeuza kuwa gari la harusi. Ikifika Shaabani harusi humwagika kama mvua, maana kila mtu anataka kuwahi kabla ya mfungo. Wenye harusi walikuja wakatazama gari, wakasifu weupe wake, kisha wakauliza neno moja: "Lina muziki?" Lilikuwa na redio iliyolia kama mbu ndani ya chupa. Wakaenda zao kwa wengine.

Basi kaka akakusanya alichoweza, akanichukua twende kwa fundi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kaka aliamini nina masikio. Fundi alikuwa na kibanda njia ya Kongowea, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alitufundisha kama mwalimu wa chuo cha Kurani anavyofundisha alifu.

"Usisome wati zilizoandikwa kwenye boksi," alisema. "Karatasi haikatai wino. Inyanyue spika yenyewe. Sumaku ikiwa nzito, ina kazi ndani yake. Sasa wewe mtoto, bonyeza hapa katikati, pole pole, vidole pande zote. Wasikia kukwaruza?"

"Sisikii kitu, babu."

"Basi koili yake nzima. Ikikwaruza imeungua, hata upewe bure usichukue. Tazama na ukingo wake, sponji isiwe imelika."

Tukapata spika moja ya besi iliyotumika, nzima, ya inchi kumi. Kaka alitaka kubwa zaidi, fundi akakataa. Alisema gari dogo likitiwa spika kubwa kuliko nguvu zake litakohoa tu, halitaimba. Kisha akatuambia jambo ambalo mpaka leo watu hawaliamini: kinachounguza spika mara nyingi si amplifaya kubwa, bali ni ndogo inayosukumwa kupita uwezo wake mpaka inapasua sauti. "Bora usubiri upate amplifaya ya haki," alisema. "Wiki tatu, mwezi. Mimi nitakuwekea moja." Ila bei ya ile aliyoitaja ilikuwa mbali na sisi, na Shaabani ilikuwa inakwisha.

Tulipotoka pale, hata hatujafika sokoni, mtu mmoja aliyevaa shati la mikono mirefu akamwita kaka. Alisikia tunatafuta. Akafungua gunia, na ndani yake palikuwa na amplifaya, nzito, mbavu zake za bati zinang'aa. Bei aliyotaja ilikuwa robo ya ile ya fundi. Kaka aliigeuza geuza. Chini yake palikuwa na mikwaruzo ya msumari, hatukuijali. Lakini nyuma, pale waya zinapoingia, niliona vipande vya waya bado vimebanwa na skrubu, na ncha zake zilikuwa zimekatwa kwa kisu. Hazikufunguliwa. Anayeuza chake hufungua skrubu.

Kaka alinitazama. "Wasemaje?"

Nilijua. Nasema mbele ya Mungu, nilijua. Lakini nilikuwa nimeshajiona nimekaa kiti cha mbele kwenye harusi, dirisha wazi, wasichana wenzangu wote wananitazama.

"Chukua, kaka," nikasema. "Ni hii hii."

Akachukua. Kasha la mbao alilipiga mwenyewe uani kwetu, fundi akafunga waya nene na fyuzi, hakuuliza kitu, ila aliziona zile ncha. Harusi ya kwanza ilikuwa ya binti wa muuza samaki. Besi ilipoingia kwenye taarabu watoto walikimbia nyuma ya gari wakishika vifua vyao, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka wakapaliwa. Nilikaa kiti cha mbele, na furaha ile nikiwa mkweli sijaipata tena.

Siku nne baadaye, baada ya swala ya adhuhuri, mimi na kaka tukiwa njiani, gurudumu likatoboka. Kaka akaegesha kwa mziba pancha, akafungua buti atoe tairi la akiba. Kulikuwa na dereva wa teksi mgeni pale, kutoka upande wa Bamburi, anangoja lake lijazwe upepo. Akatupa jicho ndani ya buti. Akasogea. Akainama, akapitisha kidole chini ya amplifaya yetu, kwenye ile mikwaruzo. Kumbe zilikuwa herufi za jina la binti yake, alizichora mwenyewe kwa msumari.

"Mwizi wangu huyu!" akapiga kelele. "Huyu hapa! Mwizi!"

Kaka aliinua mikono. "Ndugu yangu, nimenunua. Wallahi nimenunua!"

Pigo la kwanza lilitoka kwa yule dereva mwenyewe, kwa spana ya magurudumu, kwenye paja. Kaka akapiga goti. Na hapo watu walishafika, hujui wametoka wapi. Niliona gongo, niliona mnyororo, niliona mtu amevua kiatu anapiga kwa kisigino. Lakini kilichonikausha damu ni nyuso. Mchoma makaa. Konda asiyependa pilipili. Kibarua aliyeongezwa andazi mke alipojifungua. Niliwajua wote, na wao walimjua kaka, lakini wakati ule walikuwa hawamuoni. Mtu akampiga kwa kipande cha bomba kwenye taya, nikasikia mlio kama kuni kavu.

"Waambie!" kaka akanilia. "Mdogo wangu, waambie tulinunua!"

Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Hata neno moja. Nikaona mtu anabingirisha tairi kuukuu kutoka kwenye rundo la mziba pancha, na mwingine anaita mafuta ya taa. Ndipo miguu ikanipata, nikakimbia.

Bibi alikuwa anachagua mbaazi. Sikumaliza sentensi. Alikimbia kichwa wazi, yeye ambaye hakupata kutoka bila buibui, leso inaburuzika vumbini. Alipofika hakuuliza, hakusihi. Alipenya chini ya magongo, akajitupa juu ya kaka, akamfunika kwa mwili wake wote. Pigo lililokuwa tayari hewani likamshukia mkono, mfupa ukavunjika mbele ya macho yangu.

Hakulia. Aliinua uso, akaanza kuwataja. Jina la mtu, na la babake. "Wewe, leo asubuhi umekula kwangu mahamri manne. Wewe, mamako nilimshika mkono siku aliyokuzaa. Na wewe mwenye bomba, mwanao wa tatu ana kifua, jana nilikupa asali. Haya. Anzeni na mimi. Mwanijua jina mimi? Basi nipigeni!"

Akaendelea kutaja, mmoja mmoja, polepole, na kila aliyetajwa alirudi hatua nyuma kama aliyemwagiwa maji baridi. Mwenye chupa ya mafuta aliiweka chini. Yule dereva mgeni, ambaye hakutajwa maana bibi hakumjua, alikaa kwenye ukingo wa barabara akashika kichwa chake. Kisha yeye ndiye aliyetusaidia kumpakia kaka kwenye teksi yake, kumpeleka hospitali. Damu ilijaa kiti chake cha nyuma.

Kaka alipona, kama huko ndiko kupona. Jicho la kushoto lilikufa. Taya iliunga upande, akawa anakula kwa kijiko kidogo. Askari walimhoji kitandani, dereva akasema hana kesi naye, akachukua amplifaya yake. Aliyetuuzia hakuonekana tena Kongowea. Nilipopata ujasiri nilimwambia kaka kuhusu zile waya. Akasema kwa lile domo lililofungwa, "Na mimi niliziona. Nilikuuliza wewe ili nisiwe peke yangu." Tukalia pamoja, na tangu hapo hatukulizungumza.

Jambo ninalolikumbuka kuliko damu ni asubuhi ya wiki iliyofuata. Hatukuwa na kingine cha kula, basi bibi akafungua baraza, mkono umefungwa shingoni, mimi ndiye niliyekanda unga. Wakaja. Mmoja mmoja, macho chini, "Sabalkheri bibi," "Mahamri matatu, bibi." Kaka alilala chumba cha nyuma ya ukuta, akiwasikia. Nilipoingia kumpa uji alininong'oneza, "Huyo anayetaka mchuzi mwingi, ndiye aliyenivunja taya."

Nilitoka, nikamwambia bibi sikioni. Bibi akachota mbaazi, akamimina mchuzi mpaka ukafurika bakulini, akampa yule mtu kwa mkono mmoja.

Walipoondoka nilimuuliza kwa nini, nikipiga kelele, mara ya kwanza maishani kumpigia bibi kelele. Alinitazama tu. "Nikiwafukuza, kesho watampiga mwingine. Waache waje. Kila siku waje, wauone mkono huu."

Na walikuja, miaka tisa, mpaka bibi alipokufa. Siku ya maziko nilisimama mlangoni na wanawake wenzangu, nikaona jeneza linatoka. Kaka alikuwa mbele, jicho lake moja limevimba. Nyuma yake alikuwa yule mtu wa bomba, analia kama mtoto, na walipofika njiani kaka akampisha naye atie bega chini ya jeneza. Sijui kama alimsamehe. Sikuthubutu kumuuliza, na sasa naye hayupo.

Ile nyumba haipo. Pamejengwa ghorofa nne, na baraza imekuwa geti la chuma. Nilipita mwaka jana asubuhi, nikasimama kidogo. Watu walitoka wakipishana, kila mmoja na chai yake kwenye kikombe cha plastiki, hakuna aliyemsabahi mwenziwe. Kona ya pili vijana walikuwa wamemzunguka mtu, mmoja keshamshika ukosi. Nilikwenda mpaka pale nikawatazama nyuso zao, moja baada ya nyingine, nikitafuta hata mmoja ninayejua jina lake.