Nafasi ya Kidole Chini ya Bomba

Saa tatu asubuhi, kusini mwa mto Scheldt, Leendert Poppe amepiga magoti kwenye kokoto zilizolowa, kiganja chake kikiwa chini ya bomba. Mbele yake limesimama tangi namba saba, refu kama nyumba ya ghorofa tano. Tangu alfajiri linajazwa maji ya majaribio, kabla ya kupokea tena soda kali ya viwandani.

"Unalipapasa kama ng'ombe anayekaribia kuzaa," anamtania fundi mwenzake, Adri Boogaard.

"Ng'ombe angenipiga teke kwanza. Hili halitoi taarifa."

Leendert ana miaka hamsini na minne, na karibu nusu ya umri huo ameitumia kuunga mabomba katika bohari za matangi za Zeeland, Uholanzi. Anachokichunguza leo ni shingo ya tangi: mdomo mfupi wa chuma ulio karibu na ardhi, ambapo bomba huungana na ukuta. Tangi likijaa, ukuta hutanuka kama tumbo la aliyeshiba, lakini chini umeshikwa na sakafu. Kwa hiyo shingo huinama, na bomba huinama nayo.

"Watu hudhani chuma ni chuma tu," anasema. "Mzigo wa bomba ambao shingo inaubeba tangi likiwa nusu, likijaa haiuwezi. Uvumilivu wake umeshaliwa na maji."

Ndiyo maana kati ya bomba na kiegemeo chake cha kwanza huachwa nafasi ya unene wa kidole, ili bomba lipate pa kushukia. Leo kiganja chake hakiipati nafasi hiyo. Kinagusa kibati cha chuma chenye rangi mpya, kilichochomekwa humo.

"Adri, hiki kibati umekiweka wewe?"

"Ijumaa, nilipokuwa nasafisha. Bomba lilikuwa linaning'inia, Leen. Haikuwa netjes."

Netjes: nadhifu, kila kitu mahali pake. Hapa neno hilo humfuata mtoto tangu anapofundishwa kupanga viatu mlangoni, na hakuna fundi anayependa kusikia kwamba kazi yake imelikosa.

"Lete nyundo, nakitoa sasa hivi," anasema Adri, uso umempauka.

"Usikiguse. Kimeshabanwa. Ukikigonga, shingo yote itashtuka."

Miaka kumi na moja iliyopita, katika bohari nyingine, mshono wa shingo ulichanika mbele ya macho ya Leendert. Mwenzake alipoteza jicho. Tangu hapo, anasema mkewe Jacomina, siku ya kujaza tangi mumewe huondoka nyumbani bila kuaga vizuri, kana kwamba ameshafika kazini.

Anampigia simu mhandisi wa bohari, Hiltje Roorda, na kumweleza habari ya kibati.

"Maji yamefika wapi?"

"Yamepita nusu, dada."

"Funga. Hapo hesabu inakubali kwa shida. Yakipanda zaidi haikubali kabisa. Yashusheni taratibu, na mtu asisimame mbele ya shingo."

Msimamizi wa zamu anakuja akihema. "Meli ya soda inaingia kesho, Leen. Nimwambie nini nahodha?"

"Mwambie tangi limevimbiwa."

Maji yanashuka, na mafundi wawili wanakula mkate wa jibini wakiwa wamesimama, macho kwenye mshono. Alasiri kibati kinalegea. Leendert anakichomoa kwa vidole viwili na kumkabidhi Adri.

"Hata rangi nilikipaka," Adri ananong'ona.

"Nimeona. Umepaka vizuri."

Mshono unapakwa dawa nyekundu inayofichua nyufa. Hakuna ufa unaoonekana, lakini Leendert hajatulia. "Dawa inasema ya juu ya chuma. Ya ndani nitayajua maji yakipanda."

Anapanga kuomba kila kiegemeo cha aina hiyo kipakwe rangi ya manjano, ili ionekane kwamba uwazi ule umeachwa makusudi. Kwanza, hata hivyo, kuna kesho, na tangi namba saba kujazwa upya hadi juu.

"Kesho nitakaa mimi kwenye bomba," anasema Adri.

"Tutakaa wote," anajibu Leendert. "Ila pembeni, Adri. Si mbele yake."