Marejea Niliyoyafyeka Yakiwa na Maua

Kikundi chetu cha wakulima wa mboga, kule bondeni Tabata, kina sheria moja isiyo na huruma: kipande kisichokuwa na mboga siku ya ukaguzi anapewa mtu mwingine. Mimi nilijiunga mwisho, nikapewa kipande ambacho mafundi walikuwa wakikorogea zege. Nilipanda mchicha mara mbili. Mara zote mbili ulitoka mwembamba, ukanyauka, ukafa. Majirani wakanipa pole za kinafiki, na mimi pole za kinafiki nazijua.

Mama yangu mdogo aliyeko Songea ndiye aliyenitumia kwa basi chupa ya maji iliyojaa mbegu ndogo ndogo. Nilipompigia simu alinicheka kwanza.

"Ardhi imechoka, mwanangu, na wewe unaidai tu. Ilishe. Panda hayo marejea, hata kwenye mchanga yanaota. Maua yakifunguka tu, fyeka, fukia. Ukiyaonea huruma yakakomaa, mashina yanakuwa kuni."

Basi nikapanda kwa mistari. Bonde zima nilikuwa peke yangu ninayemwagilia kitu ambacho sikukusudia kukila wala kukiuza, na walinisema wakachoka. Jirani yangu wa kipande cha pili akauliza kama nataka kufuga nyuki. Nikaendelea kumwagilia. Siku hiyo nilikuwa nimeng'oa mche mmoja nikakuta vinundu kwenye mizizi, nikapasua kimoja kwa kucha, ndani kikawa chekundu. Mama mdogo aliniambia rutuba inatengenezwa humo. Nilifurahi peke yangu kama mwehu.

Wiki ya nane yalinifika kifuani, na maua ya njano yakaanza kufunguka. Kusema kweli, yalipendeza. Wapita njia walisimama wakajipiga picha. Jumatano hiyo akaja mwenyekiti wetu, mama mwenye duka la vyombo, kaongozana na binti yake anayekaribia kuolewa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Sendofu ya huyu Jumamosi ya wiki ijayo. Mpiga picha kapaona hapa, kapapenda. Usiyaguse mpaka tumalize."

Nikapiga hesabu kichwani. Yaoze wiki tatu, mchicha wiki nne, na ukaguzi ulikuwa umebakiza wiki saba na siku tatu. Siku kumi za sendofu sikuwa nazo.

"Mwenyekiti, haya natakiwa niyafyeke kesho."

"Ufyeke maua? We mzima kweli? Haya fyeka, ila ujue anayekagua hapa ni mie."

Usiku sikulala vizuri. Niliogopa, sitadanganya. Lakini nikimridhisha yeye nakosa mboga, na nikikosa mboga kipande kinakwenda vilevile. Bora nifukuzwe kwa kosa langu mwenyewe. Alfajiri nilishika panga.

Roho iliniuma kila nilipopiga. Nilibakiza mzigo mmoja wa maua mazuri kabisa, nikampelekea binti dukani. Yeye alipokea kwa mikono miwili akacheka. Mama yake akageuka kupanga masufuria, na tangu siku hiyo akawa haitikii salamu yangu.

Niliyakatakata, nikayafukia, nikangoja. Kipande kilinuka siku kadhaa, wakanisema tena. Wiki ya tatu nilichimba kwa mkono nikakuta udongo mweusi, laini, wenye minyoo, pale pale palipokuwa na vipande vya zege. Nikasia mchicha.

Siku ya ukaguzi walijaa kunitazama nikifukuzwa. Mwenyekiti akaja na daftari lake, akasimama kwenye tuta langu. Majani ya mchicha yalikuwa mapana kuliko kiganja chake, ya kijani hadi chini. Aliinama, akaingiza vidole ardhini, akainuka na donge la udongo, akalifinyanga. Kisha akatazama kipande chake mwenyewe, ng'ambo ya mfereji, kilivyopauka.

"Huyu abaki," akawaambia wote, akaandika. Jirani yangu wa nyuki akapiga kelele za kushangilia kuliko wote, mnafiki yule. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, sikujali anayenitazama.

Mwenyekiti akanisogelea, akateremsha sauti. "Zile mbegu zimebaki?"

"Zimebaki nusu chupa, mama. Utapata zote. Ila yakichanua, panga nashika mie."