Kasimu Anakaa Wapi

Nafanya kazi masijala, kwenye halmashauri moja ya huku kandokando ya ziwa. Barua zote huingilia kwangu na kutokea kwangu. Nazigonga muhuri, na kwa kuwa wakubwa wana vikao, majibu mengi naandika mimi, wao wanasaini. Nasema mapema ili isije ikaonekana nasimulia mambo ya kusikia kwa watu.

Barabara ya mtaani kwetu Buswelu ilichongwa. Greda lilipita, tukalishangilia, likaondoka. Lilichoacha mbele ya nyumba yetu ni mtaro wenye kina cha kiuno, na hapakuwa na pa kuvukia. Naishi na mama. Ni Mhaya, ana miaka sabini na kitu, na goti lake la kushoto lilistaafu kabla ya yeye mwenyewe. Hata hivyo misa ya kwanza ya Jumapili hakuwahi kukosa, na alikwenda kwa miguu yake. Kupakiwa kwenye bodaboda alisema ni kwa magunia.

Niliweka mbao mbili juu ya mtaro. Alizitazama kama mtu aliyeletewa ugali mbichi.

"Ziwa zima wamelivuka kwa daraja pale Busisi," akasema, "halafu mtaro wa hatua mbili ndio utushinde?"

Akanituma niandike barua ya kuomba kivuko. Niliandika Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi niliipokea ofisini, nikaigonga muhuri, nikaifungulia faili. Alhamisi nikaijibu. Nilimshukuru mwombaji, yaani mama, nikamfahamisha kwamba jukumu la barabara na mitaro lilishakasimiwa kwa wakala wa barabara. Kukasimu ni neno letu la ofisini, maana yake kumkabidhi mwenzio kazi pamoja na madaraka yake. Ni neno zuri. Ukishaliandika unaweza kwenda kunywa chai.

Nyumbani nikamsomea.

"Lilishaka nini?" akauliza.

"Lilishakasimiwa, mama. Kasimu. Walikasimu."

"Aa, Kasimu. Basi mwambieni aje."

Nilikuwa na njaa na senene walikuwa mezani. Sikumsahihisha.

Tukaandika kwa wakala. Wakajibu kwa adabu kwamba barabara kweli ni yao, ila vivuko vya kuingilia majumbani wameviachia serikali ya mtaa. Serikali ya mtaa wakasema wao wanapokea maelekezo kutoka halmashauri, wakaituma barua huko. Ikarudi mezani kwangu kama ng'ombe anayejua zizi lake. Nikaigonga muhuri: IMEPOKELEWA.

"Na huko nako ni Kasimu huyohuyo?" mama akauliza.

"Huyohuyo."

"Peke yake? Maskini! Anakaa wapi huyo mtu?"

Nikamwambia ana ofisi nyingi. Waswahili wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi kanda hilo nilikuwa nalibeba vizuri sana.

Siku moja akaja kijana mwenye futi ya kupimia. Mama alikuwa kibarazani, nami nimesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Kasimu?"

"Hapana, mama. Mimi nimetumwa kupima tu."

"Amekutuma Kasimu."

Kijana alinitazama, nikatazama pembeni. Alipima mtaro, akaandika, akanywa uji wa mama, akaenda zake. Hatukumwona tena.

Jumapili iliyofuata mama hakutaka kuniamsha. Ubao mmoja uligeuka. Majirani ndio waliomtoa mtaroni, nami nilifika nikiwa nimevaa shuka. Nyonga haikuvunjika, ila rozari yake ilizama kwenye tope na hatukuipata. Niliogopa. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama usoni. Jumatatu nikaenda kazini kama kawaida.

Kanisani akawa haendi tena. Jumamosi wanajumuiya walikuja kusali kwetu, akina mama watupu, wakivuka mbao mmoja mmoja huku wameshika gauni kwa mkono mmoja. Ilipofika zamu ya maombi, mmoja akaombea mvua, mwingine akaombea mkwe. Mama akafumba macho.

"Tumwombee Kasimu," akasema. "Kazi zote wamemrundikia yeye, na hana hata mtu mmoja wa kumsaidia. Bwana ampe nguvu."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," wakaitikia. Nami nikaitikia.

Wiki ile niliomba ruhusa ya siku mbili. Kibali cha kujenga kivuko sikuomba, ningemwomba nani? Nikanunua saruji na nondo, nikachanganya zege mwenyewe na fundi mmoja wa jirani. Mgongo uliniuma vibaya. Tukamwaga, tukafunika kwa magunia, nikawa nalimwagia maji asubuhi na jioni mpaka likakomaa.

Jumapili moja mama akatoka na fimbo yake na kitenge cha misa. Akaligonga zege kwa fimbo mara tatu. Halafu akanitazama, mikono yangu ikiwa bado imebabuka kwa saruji.

"Kumbe Kasimu ni wewe," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Akaweka mguu mmoja juu ya zege.

"Ungesema mapema," akasema, "nisingeanguka."

Akavuka, akaenda kanisani.