Vidonge Tulivyoviacha Nyumbani

Mwaka juzi, mwezi wa sita, wakati wa kuchuma kahawa, nilimpoteza dada yangu Projestina. Sote wawili tulikuwa na kisukari, kama marehemu mama. Yeye aliolewa Mabira, mimi niko Nyabiyonza. Tulikuwa watu wa shamba na kwaya, tunameza vidonge vya hospitali asubuhi na jioni, maisha yanakwenda.

Miguu ilipoanza kuwaka moto, tukasikia habari za kliniki ya tiba asili. Siku moja kabla ya kwenda, dada alinipigia simu.

"Koku, vidonge uviache nyumbani."

"Kwa nini, dada?"

"Utaingiaje kwa mtu kuomba dawa huku umeshika za mwenzake? Si ni kumtukana?"

Tukaenda mikono mitupu. Tabibu alitupokea vizuri, akauliza kama kuna dawa nyingine tunatumia. Dada akawahi kujibu, "Hakuna." Yeye ni mkubwa wangu. Nilinyamaza.

Tukapewa mizizi ya kuchemsha. Nyumbani tukawa tunakunywa hiyo, na vidonge vya hospitali tunameza vilevile. Mwanzoni tulifurahi. Kiu ilipungua, kukojoa kila mara kukaisha. Kisha likaja jasho la baridi, mikono kutetemeka, midomo kufa ganzi, na njaa ya kunifanya nile ndizi mbivu nikiwa nimesimama shambani. Nilimpigia dada. Na yeye alikuwa hivyo hivyo. Akacheka.

"Ugonjwa unatoka huo, mwoga wewe. Vumilia."

Asubuhi moja alikunywa dawa, akameza na vidonge, akaenda kuchuma kahawa kabla ya kula. Walimkuta amelala chini ya mibuni, kanga imelowa jasho. Alikuwa amekwisha kufa.

Msibani sikula kitu. Dawa zangu, mizizi na vidonge, nilikunywa kwa mazoea. Wakati wanafukia kaburi, macho yaliingia giza nikaanguka. Nilisikia wanawake wakisema, "Mwacheni, ni uchungu wa dada yake." Walikuwa wananipepea. Nilitaka kusema siyo uchungu, ulimi ukakataa. Nilijua ninakwenda alikokwenda, na watu wote wananitazama.

Mume wangu, Fidelis, akanishika shingo. "Uchungu gani wa jasho la baridi namna hii? Nipisheni!" Wakanipakia kwenye bodaboda katikati yake na dereva, mpaka hospitali.

Daktari alinitoboa kidole, akaniwekea dripu ya sukari. Nilipozinduka akauliza, "Mama, unatumia nini na nini?" Nilimweleza yote.

"Vidonge vinashusha sukari," akasema, "na hiyo mizizi nayo huenda inashusha. Na tumbo ni tupu."

Nikamuuliza kama ndicho kilichomuua dada. Akasema hawezi kuapa, kwa kuwa hakumpima. Kisha akaniambia pole.

Namshukuru Mungu, na Fidelis, na wauguzi walionigeuza kitandani kama mtoto. Lakini nikiingia kwenye mibuni peke yangu, bado nasikia kile kicheko cha kwenye simu.

Wewe unayekwenda kliniki kama ile, beba kila unachomeza, na maboksi yake, na kadi ya hospitali. Usiache vidonge wala kuongeza mizizi bila wanaokutibu kujua. Kula kabla ya kutoka. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, lamba sukari ungali na fahamu, kisha ukimbizwe hospitali. Waambie wa nyumbani kwako haya, maana ikizidi wewe hutaweza kusema.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule tabibu na vidonge vyangu mkononi. Akauliza, "Mwenzako yuko wapi?" Nilimweleza. Kisha akatoka nje kwenye benchi, na mimi nyuma yake, akawauliza wagonjwa nani ameacha dawa za hospitali nyumbani.

Bibi mmoja akacheka. "Tabibu, leo umekuwa polisi?"

Wengine wakatazama chini. Mama mmoja wa Kiruruma akasimama, akafunga kanga vizuri, akasema samahani, kuna kitu amesahau nyumbani. Akaita bodaboda, akaondoka.