Madoa ya Mti wa Mbuni

Jana jirani alichoma mashina ya mibuni aliyoing'oa, na moshi wake ukanirudisha kwenye karakana ya baba, nyuma ya nyumba yetu kule Old Moshi.

Baba alikuwa akijitengenezea gitaa la kupigia kwaya. Ilibaki kutia madoa kwenye shingo, yale ya kumwonyesha mpigaji mahali pa kuweka vidole. Alinipangia mezani kipande cha pembe ya ng'ombe, vifungo vyeupe vya koti na mpini wa mswaki wa kijani.

"Chagua, mama," aliniambia.

Nilichagua mswaki, kwa sababu ulipitisha mwanga.

Mara babu akaingia. Hakuwa akizungumza na baba tangu baba ang'oe mibuni ya kihamba, shamba letu la ukoo, apande nyanya. Kweli bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, lakini mibuni ile babu aliipanda kwa mkono wake. Aligusa pembe, akagusa mswaki, akatoka. Alirudi na gogo la mbuni alilolitoa kwenye kuni za jikoni.

"Mti huu ni mweupe na mgumu," alimwambia baba. "Au nao hauna bei?"

Baba alilipokea gogo. Alilikata taratibu, akachonga vidoa vidogo kama punje za mahindi. Babu akavuta kigoda, akaishika shingo ya gitaa kwa mikono miwili isicheze baba akitoboa. Hakuna aliyetaja shamba. Mimi nilipuliza unga wa mbao kila tundu lilipokamilika, nikiogopa hata kukohoa.